Everlyn na Nembo ya Wahunzi

Everlyn Nasambu hakuupenda mpira wa miguu, na hilo lijulikane mapema. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa Kikenya alikosana na tajiri wa Kirusi kwa ajili ya jezi, hudhani alikuwa shabiki wa kupaka uso rangi na kupuliza tarumbeta. Wapi. Dakika tisini kwake zilikuwa ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Hakujua kuotea ni nini na hakutaka kufundishwa. Alichojua ni nguo, na pia alijua jinsi timu inavyouawa.

Alikulia katika mji wa kiwanda cha sukari, magharibi mwa Kenya. Baba yake, Protas, alikuwa mtunza uwanja wa timu ya kiwanda. Timu hiyo waliianzisha wakata miwa na watu wa boila kwa mpira wa kushonwa kwa kamba, na Jumamosi mji mzima ulihamia uwanjani, mpaka wachungaji wa Kisabato wakachoka kulalamika. Kisha wakaja wakubwa wapya, wakaona timu ni mdomo usioshiba. Tangazo likabandikwa getini asubuhi, na kufikia mchana timu haikuwepo tena. Jezi wakapewa akina Protas wazichane, ziwe matambara ya kufutia grisi. Protas akazichana. Ya kipa, ya nahodha, zote, na jioni akala ugali wake kama kawaida.

Everlyn alikuwa msichana wa sekondari wakati huo, na hakumsamehe baba yake. Alimwambia mama yake kwamba mtu anaweza kunyang'anywa kitu na asiwe na la kufanya, lakini kuambiwa akiharibu kwa mikono yake mwenyewe ni jambo lingine, na hapo ana haki ya kukataa. Mama akamjibu asubiri awe na mtoto wa kulisha ndipo azungumze habari za kukataa.

Mtoto alimpata, akamwacha kwa huyohuyo mama, akaenda Dubai. Ilikuwa mwaka 2004. Akaangukia hoteli moja ya mtaa wa Oud Metha, katika chumba cha kufulia kilichokuwa chini kabisa, mahali ambapo wageni wa hoteli hawajui kama papo. Juu kulikuwa na marumaru na maua. Chini kulikuwa na mvuke, mashine za kuzunguka kutwa na harufu ya klorini inayoingia mpaka kwenye chakula. Msimamizi wao alikuwa Irshad, mtu wa Mombasa aliyekwisha kuzeekea Ghuba, mpole, mwoga wa kila mwenye tai shingoni. Kwenye pasi kubwa ya mashuka alikuwapo Tufaha, Mzanzibari mwenye maneno. Watatu hao walielewana, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Kila Januari hoteli ilipokea Warusi. Hawakuwa watalii tu. Ilikuja timu nzima ya mpira, maana huko kwao mwezi huo ardhi ni ngumu kama chuma na hakuna anayeweza kufanya mazoezi. Timu ilitoka mji mmoja kando ya mto Volga, mji wenye kiwanda cha kufua vyuma, na jina lake lilikuwa Kuznets, yaani mhunzi. Kifuani mwa kila jezi palikuwa na nembo ya nyundo juu ya fuawe. Pamoja na wachezaji alikuja bibi mmoja mfupi, mpana, kilemba cha maua kichwani, aliyeitwa Zinaida. Ndiye aliyetunza jezi, naye hakuamini mashine ya mtu yeyote. Siku ya kwanza alishuka mwenyewe mpaka chini, akavuta ndoo ya sabuni, akaikalia, akaanza kuzilinda nguo zake kama anayelinda kuku wasiibiwe.

"Huyu bibi ametuona wezi," Tufaha alisema.

"Mwache," Everlyn akajibu. "Mtu anayelinda nguo hivyo ana sababu."

Sababu aliipata kidogo kidogo, kwa Kiingereza cha kuokoteza ambacho wote wawili walikuwa nacho, na kwa mikono palipokosekana neno. Zinaida alikuwa mwendesha nyundo ya mvuke kiwandani kabla hajawa mtunza jezi. Alisema timu ile haikuundwa na serikali wala tajiri. Waliianzisha wafua vyuma wenyewe, zamani za babu yake, kwenye kiwanja kilichojaa takataka za tanuri. Siku zao za mapumziko waliziondoa takataka hizo kwa toroli, mwaka mzima, mpaka nyasi zikakubali kuota. Wakubwa wa chama cha Kikomunisti waliipa timu jina la mheshimiwa fulani. Mheshimiwa akaanguka, wakapewa jina la mwingine, naye akaanguka. Huku nyuma watu majukwaani waliimba Kuznets tu, kama hawakusikia. Wakati wa vita waliocheza ni wale ambao kazi ya tanuri iliwazuia wasipelekwe mstari wa mbele, na wakati wa mapumziko walikunywa maji ya moto yaliyoitwa chai.

Kisa alichokipenda Everlyn kuliko vyote ni cha mabeleshi. Miaka ya tisini kiwanda kilishindwa kulipa watu mishahara, kikawa kinawalipa kwa mabeleshi, maana ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikitengenezwa. Timu nayo ikagawiwa mabeleshi. Basi wakienda kucheza ugenini, walibeba mabeleshi kwenye treni, wakayauza stesheni, wakapata nauli ya kurudi. Siku wasipouza, walilala hukohuko. Waliteremshwa daraja hadi ligi ya mwisho, ya kucheza na timu za vijiji, na magazeti yakaandika kwamba Kuznets imekufa. Wao wakaendelea kucheza. Everlyn alisimuliwa kisa hicho kila Januari na kila mara alicheka mpaka akashika mashine, kisha akazikumbuka jezi za kwao zilizofutia grisi.

"Basi sote ni wafuaji," Tufaha alisema alipotafsiriwa. "Wao chuma, sie mashuka."

Timu ile ilikuwa na desturi yake, na ndiyo iliyomponza Everlyn. Nembo ya Kuznets haikushonwa kwa cherehani. Mchezaji mpya alipowasili, mwanamke mmoja wa kiwandani alimshonea nembo kwa mkono, na tangu siku hiyo mwanamke huyo alikuwa na haki ya kumgombeza. Mchezaji akicheza ovyo, mshonaji wake alimngoja mlangoni pa uwanja akamwambia yote aliyostahili kuambiwa. Mchezaji husimama, huinamisha kichwa, hasemi neno la kujitetea. Hata kocha hakuruhusiwa kuingilia kati. Zinaida alisema mkurugenzi mmoja wa zamani alijaribu kuipiga marufuku desturi hiyo. Wanawake wakazima nyundo, kiwanda kikanyamaza nusu siku, mkurugenzi akasahau alichokuwa amesema.

Kufikia Januari ya 2007 nyundo zilikuwa zimefungwa, wanawake wale wengi wamezikwa, na macho ya Zinaida yalikuwa yameingia ukungu. Mwaka huo alikuja beki mpya, kijana mrefu mwenye shingo ya twiga, jina lake Rodion. Zinaida alihangaika na sindano asubuhi nzima. Mwishowe akaitupia mapajani mwa Everlyn.

"Mimi si mtu wa kiwanda chenu, Mama Zina," Everlyn alisema.

Zinaida akatazama mashine zinazonguruma, mvuke, viatu vya mpira, mikono ya Everlyn iliyochubuka kwa dawa. Akauliza kama hicho si kiwanda, ni nini basi.

Everlyn akashona. Wiki ile, siku yake ya mapumziko, Zinaida alimkokota hadi kwenye mechi ya kirafiki. Mpira ulipita katikati ya miguu ya Rodion, ukaenda kuwa bao. Baada ya filimbi ya mwisho bibi akamsukuma mbele ya wachezaji wote. Everlyn hakuwa na la kusema kuhusu mpira, basi akamgombeza kama anavyogombezwa mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chenji.

"Wewe, mtu mrefu hivi, kitu kinapita katikati ya miguu yako kama kifaranga na wewe unaangalia juu? Unatafuta nini huko, mawingu? Dubai kuna mawingu?"

Alichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kibukusu. Rodion hakuelewa neno na alielewa yote. Aliinamisha kichwa, masikio yakamwiva, na wenzake wakasimama kimya mikono nyuma kama wako kanisani. Everlyn alirudi Oud Metha akiona haya, na chini ya haya hiyo akiona fahari ambayo hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo Rodion akimkuta kwenye korido za wafanyakazi alimwita mama.

Mwaka uliofuata timu ilikuja na mkurugenzi mpya. Kuznets ilikuwa imenunuliwa na tajiri wa biashara ya simu, ambaye aliipa jina jipya lenye kusikika kama sabuni ya unga, na nembo ya mnyama asiyejulikana, nusu tai nusu chui. Mkurugenzi alikuwa kijana wa suti, mwenye manukato ya kufika kabla yake. Siku ya pili asubuhi, wachezaji wakiwa mazoezini, aliagiza jezi zote za zamani zikusanywe. Jioni kulikuwa na mechi ya kuonyeshwa kwenye televisheni, na tajiri hakutaka nyundo ile ionekane popote, wala iuzwe, wala ihifadhiwe. Irshad akashuka na mfuko mkubwa na mkasi.

"Everlyn, mwanangu," alisema bila kumtazama. "Hizi zikatwe nembo, halafu zichanwe matambara. Ni amri ya mgeni. Fanya upesi, khalas, yaishe, tuendelee na mashuka."

Zinaida alikuwa juu ya ndoo yake. Aliweka mikono magotini, akakaa kama mtu aliyepelekewa habari za msiba ambazo alikwisha kuziota.

Everlyn aliutazama ule mkasi. Alijua vizuri sana kilichokuwa mezani. Viza yake ilikuwa mikononi mwa kafeel, yaani mdhamini wake wa kazi, mtoto wake alikuwa darasa la pili, na huko nyumbani kulikuwa na watu wanne waliokula kwa sababu yeye alikuwa anafua. Na alijua pia kwamba akizichana, jioni atakula chakula chake kama kawaida. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Sitachana," alisema.

"Everlyn."

"Sitachana, Mzee Irshad. Zioshwe, nitaosha. Zipigwe pasi, nitapiga. Ziwekwe kwenye sanduku zipelekwe baharini, nitabeba. Lakini kuchana, hapana. Anayetaka zichanwe, mwambie ashuke achane mwenyewe. Mkasi huu hapa."

Irshad alipanda juu kama mzee anayekwenda kuchimba kaburi. Akarudi na mkurugenzi. Tufaha akasimamisha pasi kubwa, mashuka yakabaki yananing'inia nusu ndani nusu nje.

"Ni nani amekataa?" mkurugenzi akauliza kwa Kiingereza safi.

"Ni mimi, sir," Everlyn alisema. Akamnyooshea mkasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyopewa mtu chakula. "Hii nembo hushonwa na mtu kwa mkono wake. Mimi nimeshona mojawapo. Kwa hiyo na kukatwa, ikatwe na mtu, na tumjue."

Mkurugenzi akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akauchukua mkasi. Jezi ya kwanza aliikata, lakini ile kazi haikuwa ya mikono yake. Uzi wa wanawake wa kiwandani ulikuwa wa kushonea turubai, ukashupaa, mkasi ukauma kitambaa pembeni. Joto la chumba kile halijui suti. Jasho likamshuka mpaka kwenye kola. Akaanza jezi ya pili, akasimama katikati, akatazama watu wanne waliokuwa wakimtazama bila kumsaidia. Akautupa mkasi.

"Zitupeni," alisema. "Na huyu sitaki kumwona tena."

Ndipo Zinaida alipoinuka. Aliokota mfuko, akaokota na ile jezi iliyokatwa pamoja na nembo yake, akautia begani. Hakupita mlango wa wafanyakazi. Alipanda ngazi akatokea sebuleni kwa wageni, juu ya marumaru, na mfuko wa nguo chafu begani, akatoka mlango mkubwa. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Jioni ile wachezaji waliingia uwanjani na mnyama wao mpya kifuani, wakacheza mbele ya kamera. Hakuna aliyefungua mdomo, hata Rodion.

Kilichobaki kilikuwa cha Everlyn kubeba. Uongozi wa hoteli ulitaka barua ya kuomba radhi. Irshad alimsihi siku mbili.

"Maneno mawili tu, mwanangu. Nilikosea, samahani. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mimi sikuja kubusu mikono, Mzee. Nimekuja kufua mashuka. Niambie nimekosa wapi kwenye kufua, nitaomba radhi leo hii."

Tufaha alimwambia Everlyn kwamba ni mjinga, kisha akamkumbatia akalia begani mwake. Hawakumrudisha Kenya, maana kampuni ilikuwa na uhaba wa watu. Walimpeleka Al Quoz, kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli nyingi kwa pamoja. Huko hakuna bahashishi wala chakula cha wageni kilichobaki. Kuna kambi, vitanda vya ngazi, basi la alfajiri, na mashuka yasiyokuwa na mwisho. Fedha alizotuma nyumbani zilipungua, na mama yake hakuficha alichokifikiri. Everlyn alilia ndani ya basi wiki ya kwanza, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alimwelewa Protas sasa, alielewa uzito aliokuwa amebeba siku ile. Lakini kumwelewa si kumsifu, na hata kwenye lile basi hakujutia kuukataa mkasi.

Mwaka ukapita. Ikafika Januari 2009, mwaka ambao fedha ziliyumba, makreni ya Dubai yakasimama na watu wakaanza kukimbia madeni, wakiacha magari uwanja wa ndege. Mchana mmoja, zamu ikiwa inabadilishwa, Gerishom, mlinzi wa getini, mtu wa Vihiga, akamwita kwa sauti ya kusikika uani kote.

"Everlyn, kuna mzungu hapa anasema wewe ni mama yake."

Alikuwa Rodion, amesimama kwenye vumbi la Al Quoz na mkoba mkononi, teksi inamngoja. Alimweleza kwamba Zinaida amestaafishwa, macho yamefunga kabisa, lakini bado yuko hai na bado anagombeza watu kwa simu. Zile nembo alizibandua moja moja kwa kupapasa, akazigawa kwa wale aliowaamini. Rodion akatoa ya kwake, imefungwa kwa gazeti pamoja na uzi na sindano, na jezi mpya yenye yule mnyama. Wakakaa kwenye benchi la saruji kando ya kibanda cha mlinzi.

"Kesho tunacheza," alisema. Akaigeuza jezi, ndani ikawa nje, akaonyesha upande wa moyo. "Shona hapa, mama. Ndani. Mkurugenzi asione."

Everlyn aliichukua nembo akaigeuza. Nyuma yake uzi wake mwenyewe ulikuwa bado umening'inia.

"Siku ile jioni," alisema, "ulikuwa umesikia?"

"Nilisikia."

"Ukavaa hii mpya."

Rodion akainamisha kichwa. Hakujitetea.

"Mimi nilisema hapana mbele ya watu, Rodion. Mbele ya bosi wangu na bosi wako. Sikusemea ndani ya shati. Ukitaka ya ndani, ng'ambo pale kuna fundi Mpakistani, atakushonea haraka na vizuri kuliko mimi, na sitakuona mtu mbaya. Una mkataba wako, una mama yako wa kukuzaa. Lakini mimi ya ndani sishoni."

Basi la kambi likapiga honi. Watu wakapanda. Gerishom akampungia dereva mkono asubiri, dereva akasonya, basi likaondoka. Everlyn hakugeuka kulitazama. Rodion alikaa na jezi magotini, anavuta pindo lake, anafikiri, na jasho linamtoka ingawa ulikuwa msimu wa baridi. Teksi nayo ikapiga honi.

Kisha akaigeuza jezi, upande wa nje ukarudi nje. Akaitandaza juu ya mapaja ya Everlyn, akaiweka nyundo na fuawe juu ya uso wa yule mnyama, akamfunika mzima.

"Nje," alisema.

Everlyn akalamba ncha ya uzi, akautia kwenye sindano.